Sura ya Sita: Jua Kinachoshika Kabla ya Kuvuta

Kila chombo cha mkono kina sehemu mbili zisizozeeka pamoja: sehemu inayofanya kazi na sehemu inayoshikwa. Teremka kutoka Vuje au Bombo, kwenye milima ya Upareni, hadi Gonja Maore siku ya gulio, uangalie vitu vilivyomo mikononi mwa watu. Kuna jembe lililolika mpaka limebaki robo, lakini mpini wake ni mzima, umelainishwa na viganja mpaka unang'aa. Kuna pikipiki iliyopinda usukani baada ya kuanguka kwenye kokoto za barabara ya Kisiwani, lakini mipira yake miwili ya mikono haina hata ufa. Kuna baiskeli iliyobeba ndizi, fremu imeungwa kwa kuchomelewa, na gripu zake bado zinashika vizuri kuliko zile mpya za dukani.

Watu wengi, wakifika hapo, huchukua kisu. Mpira unachanwa, mpini unakatwa, na kitu ambacho kingefanya kazi miaka mingine kinatupwa shimoni. Nasema bila kusita kwamba huo ni uharibifu, na mara nyingi hauna sababu yoyote zaidi ya kutojua. Mshikio ukivuliwa vizuri, hutoka mzima. Ukitoka mzima, unarudi kazini.

Siri yake si nguvu wala kifaa cha bei. Siri ni kujiuliza swali moja kabla hujagusa kitu: ni nini hasa kinachoushika mshikio huu mahali pake? Majibu ni matatu. Kuna mshikio unaoshikwa na umbo, kama mpini wa jembe. Kuna unaoshikwa na mbano, kama mpira wa usukani. Na kuna unaoshikwa na gundi, kama mpira wa fimbo ya gofu. Kila jibu lina njia yake ya kuvulia, na anayechanganya njia hizo ndiye anayeharibu.

Unaoshikwa na umbo

Tuanze na jembe, kwa kuwa Upareni jembe lina historia ndefu kuliko chombo kingine chochote cha chuma. Huko Ugweno, Pare ya Kaskazini, ukoo wa Washana ulijulikana kwa uhunzi karne nyingi kabla ya wakoloni, na mwanahistoria Isaria Kimambo aliuweka mahali pake katika kitabu chake cha historia ya siasa ya Wapare kilichotoka mwaka 1969. Majembe ya wahunzi wa zamani hayakuwa na tundu. Yalikuwa na mkia uliochongoka, nao ulipenyezwa kwenye kichwa kinene cha mpini. Kila pigo la kulima liliusukuma mkia ndani zaidi, kwa hiyo kazi yenyewe ndiyo iliyokuwa inakaza jembe.

Jembe la kiwandani tulilolizoea leo linafuata kanuni hiyo hiyo kwa njia nyingine. Lina tundu la mviringo, na mpini wake ni mnene upande wa kichwa, mwembamba upande wa mkono. Unaliingiza jembe kutoka upande mwembamba, linateleza mpaka linakwama penye unene. Ukiinua na kushusha, uzito wa chuma unakimbilia nje, yaani kwenye unene, na kila pigo linazidi kulibana.

Ukishajua hivyo, njia ya kulivua inajieleza yenyewe: lirudishe lilikotoka. Shika mpini wima, kichwa cha jembe juu, kisha ligonge jembe kuelekea upande wa mkono, ukiweka kipande cha mbao juu ya chuma ili usikibonyeze. Piga kidogo upande huu, kidogo upande wa pili, ukizunguka tundu. Anayepiga upande mmoja tu hulipinda jembe juu ya mpini, na ule ukingo wa tundu hukata nyuzi za mti. Kwa jembe la mkia, gonga ncha ya mkia inapotokezea upande wa pili, tena kwa mbao, kamwe si kwa nyundo tupu.

Likigoma, usiongeze nguvu, ongeza siku. Mti unaponyonya maji hunenepa, unapokauka hunywea, na kunywea kwake ni kwa upana, si kwa urefu. Jembe lililotoka shambani jana limebanwa na mti uliolowa. Liweke mahali pakavu penye joto la wastani, kama juu ya dari la jikoni, kwa siku kadhaa, halafu ulijaribu tena. Mara nyingi mpini uliokataa nyundo kubwa utatoka kwa mapigo matatu mepesi.

Hapa kuna jambo ambalo wakulima wengi wanalifanya kwa nia njema nalo linawaumiza. Jembe likilegea, wanalitumbukiza ndooni au mferejini usiku kucha. Asubuhi limekaza. Lakini mti ulionenepa ndani ya pete ya chuma hauna pa kwenda, kwa hiyo nyuzi zake zinajiponda zenyewe. Ukikauka, unakuwa mwembamba kuliko ulivyokuwa kabla ya kulowekwa, na jembe linalegea zaidi ya mwanzo. Ukiloweka mara kwa mara, unaula mpini wako polepole. Dawa ya kudumu ni kabari: kipande chembamba cha mti mgumu na mkavu, kilichogongwa mahali penye nafasi.

Mpini mzuri unastahili juhudi hiyo. Mkole na mpera ni miti inayotafutwa kwa mipini kwa sababu nyuzi zake ni ngumu na zinapinda bila kukatika upesi, na fimbo nyoofu ya unene unaofaa haipatikani kila kichaka. Na kama mpini umekatikia ndani ya tundu, usikimbilie kuchoma. Toboa kile kisiki kwa msumari au keekee, kivunje vipande vipande, kitatoka. Ukilazimika kutumia moto, fukia bamba la jembe kwenye udongo uliolowa ili joto lisilifikie, kwa maana makali yakishapata moto mwingi hupoteza ugumu wake.

Unaoshikwa na mbano

Sasa twende kijiweni. Barabara inayotoka Same kupita Kisiwani, Maore na Ndungu mpaka Mkomazi imebebwa na bodaboda: mpunga, tangawizi kutoka milimani, wagonjwa wanaopandishwa hospitali ya Bombo, wanafunzi. Pikipiki zikianguka, kinachotangulia kupinda ni usukani. Usukani mpya unanunuliwa, na ule wa zamani unakuja na mipira yake.

Kawaida mazungumzo huwa ya namna hii. Dereva anasema, "Fundi, kata tu, kuna abiria ananisubiri." Fundi anayejua kazi yake anamjibu, "Tulia, mdogo wangu. Nikikata utanunua. Ukinipa dakika kumi utaondoka nao."

Dakika hizo kumi zinatumika hivi. Kwanza anaosha. Matope ya barabarani yana mchanga, na mchanga ukiingia chini ya mpira unakwaruza kila unapogeuka. Pili anaangalia mwisho wa usukani: pikipiki nyingi zina kizito kilichofungwa kwa skrubu hapo, na mpira hautoki kabla hicho hakijafunguliwa. Tatu anachukua spoki ya baiskeli. Spoki hiyo ameshaipiga tupa mpaka ncha imekuwa ya mviringo, kisha akaisugua kwa msasa mpaka ukiipitisha kwenye shavu haikwaruzi. Ameikunja kidogo mwishoni kama ulimi.

Anaingiza ule ulimi chini ya ukingo wa mpira, upande wa ndani ulio karibu na swichi, mgongo wa spoki ukilala juu ya chuma. Hasukumi kwa pupa. Anaunyanyua mpira kiasi cha unene wa spoki, anadondosha maji ya sabuni au spiriti, na kioevu kinafuata spoki kama mfereji. Anasogeza ndani kidogo, anadondosha tena. Halafu anaizungusha spoki kuuzunguka usukani wote, polepole, mpaka kila mahali pamelowa. Ukisikia mpira umeanza kucheza unapousokota, mbano umeshindwa.

Hapo ndipo wengi wanaponyang'anywa ushindi, kwa sababu wanaukamata mpira ule mwisho wa nje na kuuvuta. Mpira ukivutwa unarefuka, ukirefuka unakonda, ukikonda unabana zaidi. Unavyozidi kuvuta ndivyo unavyozidi kujifunga mwenyewe. Fundi mzuri anafanya kinyume: anaweka kiganja kwenye ukingo mnene wa ndani na kuusukuma kuelekea nje, huku akiusokota. Mpira unaosukumwa unajikunja na kutanuka, na ukitanuka unaachia. Hiyo tofauti ya kuvuta na kusukuma ndiyo inayoamua kama mpira utatoka mzima au utapasuka, na haigharimu hata shilingi.

Palipo na kompresa ya kujazia magurudumu kazi ni nyepesi zaidi. Unaweka mdomo wa bomba kwenye ukingo, unauzungushia kitambaa, unafungulia upepo kidogo kidogo. Upepo unaingia kati ya mpira na chuma, na kwa sekunde hizo mpira unaelea. Ushikilie muda wote kwa mkono mwingine, kwa sababu mpira usioshikwa unaweza kuvimba na kupasuka, au kuchomoka kwa kasi. Asisimame mtu mbele ya mwisho wa usukani, na fundi avae miwani.

Jambo moja lisisahauliwe. Upande wa kushoto mpira umekaa juu ya bomba la chuma lenyewe, ambalo kwa pikipiki na baiskeli nyingi lina kipenyo cha milimita 22. Upande wa kulia umekaa juu ya bomba la plastiki linalozunguka kuvuta mafuta, na bomba hilo ni nene zaidi. Kwa hiyo mipira hiyo miwili si pacha. Ukiubadilisha wa kulia kuwa wa kushoto utazunguka wenyewe mkononi, na mkono unaozunguka kwenye mteremko wenye kona ni ajali inayosubiri siku yake.

Unaoshikwa na gundi

Gonja hakuna uwanja wa gofu. Vilivyo jirani viko upande wa Moshi na Arusha: kuna uwanja ndani ya mashamba ya miwa ya kampuni ya TPC, kuna Arusha Gymkhana, na kuna Kili Golf karibu na Usa River. Nauleta mchezo huo hapa kwa sababu mpira wa fimbo ya gofu ndio mfano ulio wazi kuliko yote wa mshikio uliobandikwa, na anayeweza kuuvua huo ataweza kuvua karibu kila kitu kilichobandikwa kwa utepe.

Mpira huo una urefu wa takriban sentimita 27 na umechomekwa kwenye fimbo ya chuma au ya nyuzi za kaboni. Ndani yake kuna utepe wenye gundi pande zote mbili. Unapovishwa, fundi anazungushia utepe kwenye fimbo, anaziba tundu dogo lililoko kwenye kitako cha mpira, anamimina kiyeyushio ndani, anautikisa, anakimwaga juu ya utepe, kisha anausukuma mpira upesi kabla hakijakauka. Kwa muda mfupi gundi inakuwa utelezi. Kiyeyushio kinapopaa, gundi inarudi kuwa gundi na mpira hausogei tena.

Kanuni za gofu zinamruhusu mchezaji kubeba fimbo zisizozidi 14, kwa hiyo anayebadilisha mipira anaweza kuikabili kazi hiyo hadi mara 14. Ndiyo maana karakana nyingi huchana mipira ya zamani kwa wembe wenye ncha ya ndoano: ni haraka. Lakini kwa kijana mbeba fimbo aliyepewa fimbo kuukuu na mwanachama wa klabu, au kwa mtu aliyekatikiwa na fimbo yenye mpira mpya, uharaka huo ni hasara, maana mipira hiyo huagizwa kutoka nje.

Njia ya kuuokoa ni kurudisha hali ile ya mwanzo, yaani kuifanya gundi iteleze tena. Unahitaji sirinji yenye sindano nyembamba na spiriti. Choma mpira kwa mshazari, upande utakaokuwa chini mchezaji akishika, mpaka uhisi sindano imegusa utepe. Usiichome wima, hasa fimbo ikiwa ya kaboni, kwa kuwa mkwaruzo mmoja kwenye nyuzi hizo unaweza kuwa mwanzo wa kukatika. Ingiza spiriti kidogo, ondoa, kisha ukande mpira kwa dole gumba ili kioevu kienee. Sogea chini sentimita chache, rudia. Maliza kwa kitako. Subiri kidogo, halafu sokota. Ukianza kuzunguka, usukume kutoka mdomoni kuelekea kitako, kwa sababu ile ile tuliyoiona kijiweni. Vitundu vya sindano hujifunga vyenyewe, kwa maana mpira hurudi mahali pake.

Macho yafunikwe kwa miwani tangu mwanzo. Spiriti iliyoshindiliwa mahali pasipo nafasi hutafuta pa kutokea, na mara nyingi hutokea kwenye tundu lile lile ulilotoboa, ikimwelekea aliyeinama.

Baada ya hapo kuna kazi isiyopendwa, nayo ni kusafisha. Mabaki ya utepe wa zamani huwa yamebaki ndani ya mpira. Funga kitambaa kwenye kijiti, kiloweshe kwa spiriti, kizungushe ndani mpaka kitoke safi. Fimbo nayo ifutwe. Utepe wa zamani hautumiki tena. Mpira ndio unaookolewa, gundi hununuliwa upya.

Cha kupaka na cha kukwepa

Kioevu kizuri cha kazi hii kina sifa mbili: kinateleza sasa, na baadaye kinaondoka chote. Maji ya sabuni yanateleza sana lakini yakifungiwa chini ya mpira huchelewa kukauka. Spiriti hukauka mapema. Grisi, mafuta ya injini na mafuta ya kupikia yanaingia kwa urahisi lakini hayaondoki, na mpira uliopakwa hayo utateleza mpaka uchakae. Mafuta ya taa nayo huacha utando. Petroli huufanya mpira uvimbe na kulegea, na thina inaweza kuila plastiki ya lile bomba la mafuta la pikipiki.

Tena petroli na spiriti zinashika moto hata kwa cheche ndogo. Kazi ifanyike nje, mbali na jiko na sigara. Na nawaomba mafundi wote: msiviweke vimiminika hivi kwenye chupa za soda au za maji. Mtoto mwenye kiu hasomi maandishi, anaona chupa anayoijua.

Kurudisha, na kukataa kurudisha

Kuvua ni nusu ya kazi. Mpira wa usukani unarudi kwenye chuma kilichofutwa kikavu, kwa spiriti kidogo, na pikipiki haiondoki mpaka umekauka. Usokote kwa mikono miwili, kwa nguvu kuliko utakayotumia barabarani. Ukisogea, hauko tayari. Kisha, injini ikiwa imezimwa, vuta mafuta mpaka mwisho na uachie: ni lazima mkono urudi wenyewe kwa mshindo. Rudia usukani ukiwa umekatwa kulia kabisa, halafu kushoto kabisa. Mpira uliosukumwa ndani mno husugua kasha la swichi na kuyazuia mafuta yasirudi, na dereva ataligundua hilo wakati mbaya.

Jembe lijaribiwe kwa kulipiga ardhini mara kadhaa mahali pasipo na mtu mbele wala nyuma, kisha ukague kama limesogea. Fimbo ya gofu iachwe saa kadhaa, na kama mpira wake una mgongo, mgongo huo uwe umelingana na uso wa fimbo kabla gundi haijashika.

Na kuna mshikio usiostahili kurudi. Mpira uliopasuka, ulioanza kunata kama ulimbo, au uliokuwa mgumu na kung'aa kwa jua, umeshamaliza kazi yake. Mpini wenye ufa unaofuata urefu wa nyuzi haufungwi kwa waya ukaitwa mzima, kwani siku ukigawanyika, jembe litaruka. Kuokoa kitu ni pamoja na kujua kisichookoleka, na fundi anayemwambia mteja wake "huu hapana, nunua mwingine" anaaminiwa zaidi anaposema "huu bado".

Ujuzi huu ni mdogo, na unafundishika kwa mchana mmoja chini ya mwembe wa kijiweni. Lakini anayeushika anapata tabia inayomfaa kwa kila chombo: anasimama, anaangalia kitu kinashikwa na nini, ndipo anaamua kusukuma, kukausha au kuyeyusha. Kijana anayejifunza ufundi Gonja, Same au Moshi afundishwe tabia hiyo kabla hajakabidhiwa wembe. Wembe una kazi zake, na zamu yake ije baada ya njia nyingine zote kujaribiwa.